Bei Iliyofunikwa kwa Kiganja

Sijamsamehe shemeji yangu, na sina mpango huo. Mchungaji ameshanikalisha, mama mkwe ameshanipigia simu akilia, mume wangu ameshanung'unika mpaka akachoka. Wote nawasikiliza mpaka mwisho, halafu nawauliza kama wameshakunywa chai. Yeye mwenyewe yuko Dar es Salaam, ana kazi nzuri ya matangazo ya mtandaoni, anakalia kiti kinachozunguka, na kazi hiyo aliipata kwa mgongo wa duka langu. Nasema langu. Kwenye leseni lilikuwa jina la mume wangu, lakini aliyelifungua asubuhi, akalifagia, akapanda basi kwenda kufuata mzigo, ni mimi.

Tulikuwa tunauza vitenge kwa jumla, Tunduma, miaka ile ambayo simu za kupangusa zilianza kuingia mikononi mwa watu wa kawaida. Mkoa wa Songwe ulikuwa bado haujazaliwa, sisi tulikuwa watu wa Mbeya. Kwacha ya Zambia ilikuwa imeshakatwa sifuri zake na wenye maduka tulikuwa tumeshazoea hesabu mpya. Wateja wetu wakubwa walikuwa wanawake wa ng'ambo. Asubuhi walivuka mpaka, wakachagua, wakafungiwa, kisha tukamwita mtu wa baiskeli awavushie mzigo. Ukiona mtu wa baiskeli ameitwa mlangoni kwa mwenye duka, ujue biashara imeshafanyika.

Asiyeijua kazi yetu lazima nimweleze kitu kimoja, maana ugomvi wote unatokea hapo. Bei ya jumla haikuwa inatamkwa. Duka lingeweza kuwa na wanawake kumi wamebanana mezani, wote wanapapasa vitenge vilevile, na usisikie bei hata moja. Mteja aliniuliza kwa macho. Mimi nilichukua kalkuleta, nikabonyeza, nikaifunika kwa kiganja upande wa wenzake, nikamgeuzia. Yeye aliinama, akasoma. Akiona ni nyingi aliivuta, akafuta, akabonyeza yake, akanirudishia naye akiwa ameifunika. Tulikwenda hivyo mpaka tukakutana. Kila mtu na bei yake, kutokana na wingi wa mzigo, umbali anakotoka, na miaka tuliyojuana. Na wao wakifika kwao waliuza kwa bei zao, hakuna aliyewauliza Tunduma walinunua kwa ngapi.

Shemeji alikuja na begi moja na kompyuta. Alikuwa amemaliza chuo, amekaa nyumbani muda mrefu akituma maombi ya kazi, na mama mkwe alimwambia mume wangu, "Mchukue mdogo wako, akusaidie hapo dukani." Sikuulizwa. Siku ya kwanza alisimama katikati ya duka, akaangalia majora yaliyopangwa mpaka darini, akatikisa kichwa.

"Shem," akaniambia, "hili duka halipo."

"Halipo vipi, na wewe umeegemea meza yake?"

"Halipo mtandaoni. Kama halipo mtandaoni, halipo."

Mume wangu alicheka kwa furaha kama mtu aliyesikia habari njema. Mimi niliendelea kukunja vitenge.

Jumapili moja tulipotoka kanisani alituweka kikao sebuleni. Aligeuza kalenda ya mwaka uliopita, akaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, akaandika juu kwa kalamu nene: MALENGO. Kwanza alituhutubia. Alisema biashara nyingi za mpakani zinakufa kwa sababu wenyewe hawajui wanakokwenda. Alisema lengo lazima lipimike, liwe na muda, na lisipopimika hilo si lengo, ni dua. Mume wangu alirudia neno hilo la dua wiki nzima.

Akamuuliza kaka yake anataka nini. Mume wangu akasema anataka duka lijulikane mpaka Lubumbashi. Shemeji akaandika idadi ya watu ambao ukurasa wetu utakuwa umewapata kabla mvua hazijaisha. Kutoka Lubumbashi tukaingia kwenye idadi ya laiki, sijui kwa njia gani. Akaandika kuwa kila siku lazima kuwe na picha mpya, na kila siku mteja mmoja apigwe picha akiwa ameshika mzigo na anacheka. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, shem? Lengo lako?"

Nilikuwa nalo, tena nililijua bila kufikiri. "Nataka mama wa Isoka asihamie kwa yule wa pili."

Yule wa pili alikuwa mwanamke wa Mpemba, ule mji mdogo jirani na Tunduma, aliyefungua duka la vitenge ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na sisi. Alikuwa na majora mazuri na mdomo mtamu, na alikuwa anawaita wateja wangu kwa mkono kama mtu anayeita kuku.

Mama wa Isoka, huko Zambia, alikuwa mteja wangu tangu nikiwa nimetandika vitenge chini juu ya turubai. Kila alipovuka alivuka na kundi la wanawake wa huko kwao, na alikoingia yeye waliingia wote. Mama yangu alipofariki, yeye na wenzake walifika mpaka kwetu Hasamba na unga na dagaa wa kapenta, wakalala kwenye mikeka msibani hadi tulipoanua tanga. Nilikuwa namwita bamayo, naye akiniita bamayo, hilo ni neno lao la kumheshimu mama wa mtu. Kwa hiyo nilijua ninachosema.

Shemeji alifunika kalamu yake. "Shem, huyo ni mtu mmoja."

"Ndiyo. Ni mtu mmoja."

"Mtu mmoja hapimiki."

Wakacheka, yeye na kaka yake, kicheko cha wanaume wawili waliotoka tumbo moja. Lengo langu halikuandikwa. Nikainuka kwenda kugeuza ugali, na mpaka leo nikikumbuka ile kalamu inavyofunikwa, tap, nasikia hasira ileile.

Kulikuwa na jambo jingine ukutani ambalo nililiona baadaye: bei iwe wazi. Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Nilimwambia aweke picha mpaka macho yamtoke, aweke duka, aweke majora, aniweke hata mimi kama anataka, lakini bei ya jumla haitoki mezani pangu. Yeye akasema bei ya siri inanuka wizi. Akasema mteja wa leo anataka kujua kabla hajatoka nyumbani kwake. Tulibishana mpaka jirani akaja kuomba chumvi asiyoihitaji. Mwisho mume wangu akaingilia, tukakubaliana: ataandika bei ya rejareja tu, ya mtu anayenunua doti moja.

"Poa, shem," akasema. "Rejareja tu. Neno langu."

Neno lake! Nilikuja kujua thamani yake.

Mwanzo sikuwa na la kulalamika, nitasema ukweli hata kama unaniuma. Picha zake zilikuwa nzuri. Alivitoa vitenge nje kwenye jua la asubuhi, akavitundika, na rangi zikawa rangi kweli. Binti mmoja alikuja kutoka Vwawa akiwa na simu mkononi, akataka kile cha kwenye picha, kwa ajili ya kuvaa siku ya kuagwa kabla ya harusi yake. Alinunua doti moja, akaomba apunguziwe, akaomba na mfuko. Mume wangu alimsindikiza mpaka barabarani kama amenunua duka zima. Watu wa Mwanza waliandika kuwa wamependa. Watu wa Arusha waliandika kuwa wamependa. Kuna mtu wa Uarabuni aliandika kuwa dada kapendeza, na dada mwenyewe alikuwa mwanasesere wa plastiki asiye na kichwa. Sikuona hata mmoja wao akiingia mlangoni, lakini namba ukutani zilikuwa zinapanda, na shemeji alizifuta na kuandika nyingine huku akipiga mluzi.

Kisha namba zikakwama. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, na muda aliojiwekea ulikuwa unaelekea mwisho nao. Akaacha kupiga mluzi. Akawa mkali mezani, anapiga picha kitenge kilekile mara tatu. Mimi nikaondoka kwenda Dar kufuata mzigo, na nyuma yangu akafanya alichofanya.

Mama wa Isoka alikuwa amevuka na kundi lake siku hiyo. Akauliza niko wapi, akaambiwa nimesafiri, akahudumiwa na mume wangu, shemeji akiwa hapohapo mezani anaona kalkuleta. Shemeji akamwomba picha. Yule mama alikubali kwa sababu alimjua kuwa ni ndugu wa nyumbani kwangu, na kwa sababu aliambiwa ni ya kumbukumbu. Akabana jora kila kwapa, akacheka kwa meno yake yote. Shemeji akaiweka picha mtandaoni, na juu yake, kwa maandishi mekundu manene, akaandika bei ya doti moja kwa mzigo wa jumla. Bei yake yule mama. Ile niliyokuwa nambonyezea yeye peke yake na kuifunika. Chini yake akaandika: Hii ndiyo bei ya wateja wetu, njoo ujionee.

Ikatembea. Rejareja ilikuwa haimtingishi mtu, lakini bei ya jumla, tena na uso wa mtu, watu walitumiana kwenye magrupu ya simu usiku kucha.

Mimi nilirudi na mzigo wangu, sijui lolote, na wa kwanza kunipokea hakuwa mume wangu. Alikuwa mama mmoja wa Mkwajuni, mke wa mchimbaji dhahabu, mteja wangu naye. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka tangu asubuhi akinisubiri.

"Kumbe mwenzangu unamuuzia bei hii, mimi unanichuna?" Simu alikuwa ameinyoosha kunielekea usoni. "Mimi ninayekuja na vumbi lote lile, nabebwa na bodaboda, ndiyo wa kuchunwa?"

Nilijaribu kumweleza habari ya wingi wa mzigo. Hakutaka. Alinitukana kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinyiha ili nisikose hata tusi moja, akavuka barabara kwenda kwa yule wa Mpemba.

Shemeji alikuwa ndani, anafungua soda. "Unaona, shem," akasema, "siyo mimi niliyekuchafua. Ni bei zako."

 Jibu lake nimekuwa na miaka ya kulitafuta, na ni hili: bei zangu zilikuwa zinalisha nyumba iliyokuwa inamlisha yeye.

La Isoka lilikuja kwa simu. Nilikuwa nakata kamba za marobota mapya nilipoona namba ya ng'ambo. Hakunisalimia kama siku zote, ile mwapoleni mukwai yake ndefu ya kuuliza mpaka hali ya paka. Alisema tu, "Bamayo, mmenifanya mwizi."

Akanieleza taratibu, na alivyokuwa hapandishi sauti nilijua ni vibaya. Akina mama wa kanisani kwake walikuwa wamemwagiza vitenge vya sare. Yeye ndiye aliyekuwa anawaletea kila mwaka, na kila mwaka aliongeza cha kwake kama mtu yeyote anayepanda basi, akavuka mpaka, akamlipa mtu wa baiskeli na kulala chini stendi. Wote walijua kuwa anaongeza. Hawakujua anaongeza kiasi gani, na hawakuhitaji kujua. Sasa mwalimu mmoja alikuwa ameipata ile picha kwenye simu. Waliisoma kwenye kikao cha akina mama, yeye akiwa amekaa hapohapo, simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akitazama picha, kisha anamtazama yeye. Alivyokuwa anacheka kwenye ile picha ndiyo iliwaudhi zaidi. Mmoja akasema, tazameni anavyotucheka.

"Wamenitoa kwenye kununua sare," akasema. "Hata salamu wananipa kwa mbali. Itoeni hiyo picha, bamayo. Nawaomba, mukwai."

"Inatoka leo," nikamwambia. "Leo hii, bamayo."

Niliamini ninachosema. Nilidhani picha ni kitu unachokibandua.

Shemeji alinisikiliza akiwa ameegemea rafu. Akasema pole, tena kwa sauti nzuri. Kisha akasema picha haiwezi kutoka. Hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa imeleta watu zaidi ya wote wa mwezi uliopita, na ikitolewa lengo linarudi nyuma, na zilikuwa zimebaki wiki chache tu.

"Wiki chache za nini?"

"Za lengo, shem."

Nikamwomba neno la siri la ukurasa, niitoe mwenyewe. Akasema nitaharibu. Nikamwambia mume wangu mbele yake achague. Mume wangu akaangalia ukuta, ile kalenda yenye namba zake, akasema, "Muache amalize, mama watoto. Ni wiki chache. Yule mama ataelewa, si mtu wako?"

Alikuwa mtu wangu, ndiyo. Nilichukua kompyuta ya shemeji, nikaifungia kwenye kabati la vyombo, ufunguo nikauweka kifuani ambako hakuna shemeji anayeweza kuufuata. Akaendelea kwa simu. Nikaacha kumpikia. Akawa anakula chipsi mtaani na kaka yake anamlipia. Kwa siku nyingi nyumba yetu ilizungumza kwa milango tu. Namba ukutani zikaanza kupanda tena, na safari hii alikuwa anaziandika kubwa kubwa, nadhani kwa ajili yangu.

Nilikuja kuelewa haraka yake siku nilipomkuta anachapisha ukurasa wetu kwenye karatasi, pale stationery. Picha ya mama wa Isoka, mstari unaopanda, na jina lake yeye juu. Alikuwa anatuma maombi ya kazi. Haraka hiyo haikuwa ya Lubumbashi wala Isoka wala Tunduma. Sisi wote tulikuwa mstari wake wa kupanda.

Siku lengo lilipotimia alikuja dukani anakimbia. Mume wangu akaagiza kreti ya soda, akawaita na majirani. Mimi nilikuwa mezani. Ndipo nilipomwona mama wa Isoka anaingia, peke yake, bila kundi. Alikuwa amekonda shingoni. Shemeji akamtambua, akamwita, "Mama, karibu soda! Wewe ndiye staa wetu!" Akataka kumpiga picha nyingine. Nilimwambia akithubutu nitaivunja ile simu juu ya kichwa chake.

Yule mama alimpita. Akaja mezani, akachagua kitenge kimoja cheusi chenye maua ya zambarau, cha msibani. Doti moja tu. Miaka yote ile sikuwahi kumuuzia doti moja.

Mikono yangu ilifanya iliyozoea. Nikachukua kalkuleta. Nikabonyeza bei ambayo sikuwahi kumbonyezea mtu yeyote, bei ya hasara, bei ya kumwomba abaki. Nikaifunika kwa kiganja, nikamgeuzia.

Hakuinama. Macho yake yalibaki usoni kwangu.

"Awe, bamayo," akasema. Hapana. "Msijisumbue. Si imeandikwa?"

Akaisema bei ya rejareja, kwa sauti, kila aliyekuwa dukani akaisikia. Akahesabu noti zake, akaziweka mezani, akachukua kitenge chake hata bila mfuko. Nilimwita. Nilimwita mara nyingine nikiwa nimeshafika mlangoni na kalkuleta mkononi, namba bado zinawaka.

Alivuka barabara. Kwa yule wa Mpemba, wenzake wote walikuwa wamesimama mezani, lile kundi lake lote la wafanyabiashara wenzake, wanapapasa majora. Wakampisha njia. Yule mwanamke akachukua kalkuleta yake, akabonyeza, akaifunika kwa kiganja, akamgeuzia, na mama wa Isoka akainama akasoma.

Nyuma yangu shemeji alikuwa anagonga chupa na kaka yake. Akaniletea soda ya kwangu, ameshaifungua, akasema, "Shem, tumefika lengo." Niliimwaga kwenye ngazi mbele ya miguu yake, taratibu, mpaka tone la mwisho. Ng'ambo ya barabara, yule wa Mpemba alikuwa ameshatoka mlangoni kumwita mtu wa baiskeli.